Mke Wangu Amebadilika!

Wanaume wengi waliooa karibuni hulalamika hivi: "Tangu apate mimba, mke wangu amekuwa mtu mwingine. Analala mapema, analia bila sababu. Labda amenichoka." Hapana, baba, hajakuchoka. Mwili wake uko kazini usiku na mchana. Tujifunze mabadiliko hayo, ili kutojua kusivunje upendo wenu, na ili dalili ya hatari isidhaniwe kuwa uchovu wa kawaida.

MIEZI YA KWANZA
Kichefuchefu huanza mnamo juma la 6, na huweza kuja saa yoyote, si asubuhi tu. Harufu humsumbua sana. Mama wa Kariokor akipita karibu na soko, moshi wa nyama choma aliokuwa akiupenda sasa humtapisha. Asilazimishwe kukaanga vitunguu. Ale kidogo kidogo, mara nyingi. Kwa wengi hali hii hupungua kufikia mwezi wa nne. Lakini akitapika kila kitu, hata maji, apelekwe hospitali.

MIEZI YA KATI
Nguvu hurudi, na kati ya juma la 16 na la 22 wengi huanza kusikia mtoto akicheza. Damu ya mama huongezeka karibu nusu ya ile ya kawaida, ndiyo maana kliniki humpa vidonge vya madini ya chuma. Asivimeze kwa chai, kwani chai hupunguza nguvu yake. Wengine hutamani udongo au odowa, yale mawe laini yanayouzwa sokoni. Asichekwe. Mara nyingi hamu hiyo huandamana na upungufu wa damu, kwa hiyo amweleze muuguzi.

MIEZI YA MWISHO
Sasa huja kiungulia, maumivu ya mgongo, miguu kuvimba jioni na usingizi wa kukatika. Anayekaa ghorofa ya juu huhema kila anapopanda ngazi. Baba, mtungi wa maji ubebe wewe. Tangu juma la 28, mama alale kwa ubavu.

MOYONI
Mama huweza kucheka sasa na kulia baada ya dakika chache. Homoni zimebadilika, na pia anaogopa uchungu wa kuzaa na kuwaza kodi ya nyumba. Baba naye huwaza, ila hunyamaza. Ambianeni. Huzuni ikizidi majuma mawili, mwelezeni muuguzi, maana huenda ni ugonjwa, nao hutibika.

Hamu ya tendo la ndoa huweza kupungua au kuongezeka. Mimba ikiwa haina tatizo, tendo hilo halimdhuru mtoto. Daktari akikataza, mtiini. Mkeo akisema, "Leo sijiwezi," anakueleza hali ya mwili wake, hakukatai wewe. Siku ya harusi mliahidiana uaminifu katika afya na katika ugonjwa; ahadi hiyo ina kazi sasa.

MSINGOJE KUPAMBAZUKE
Nendeni hospitali mara moja mkiona: damu kutoka, homa kali, maji kuvunjika kabla ya wakati, mtoto kupunguza kucheza, au degedege. Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, na uso na mikono kuvimba ghafla huweza kuwa presha ya mimba. Presha hiyo huweza kuleta kifafa cha mimba na kuua mama na mtoto. Wakazi wa Kariokor wana Hospitali ya Uzazi ya Pumwani karibu nao, iliyoanza mwaka 1926. Lakini ukaribu hausaidii kitu ikiwa mume anasema, "Lala, kutakucha utapona."

Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mama aonwe kliniki angalau mara 8. Baba, msindikize, usikie mwenyewe.

ZUNGUMZENI NYUMBANI
1. Mama: ni badiliko gani hujamwambia mume wako?
2. Baba: ni kazi gani ya nyumbani utaichukua kuanzia kesho?
3. Wote wawili: hatari ikitokea usiku, nani atawapeleka, pesa ya teksi iko wapi, na nani atabaki na watoto?

Swali la tatu lijibiwe leo kabla hamjalala.