Kilomita ya Matai, Sekta ya 8192

Mpiga picha mmoja wa Kasesya, anayewapiga picha za pasipoti wanaovuka kwenda Zambia, aliniletea kwenye flashi faili moja la GB 4. Ilikuwa nakala ya kadi nzima ya kamera yake, kadi yenyewe ilishavunjika. Kila akilibofya, halifunguki. "Fundi, picha za watu zimo humu, ila mlango siuoni."

Mlango haupo kwa sababu kadi haina vyumba. Ni mstari mmoja mrefu wa sekta, kila moja baiti 512, zenye namba kuanzia 0. Kinachoitwa patisheni ni namba mbili tu: inaanzia sekta ipi, na ina sekta ngapi. Kwenye kadi kama hii zimeandikwa ndani ya sekta 0, katika jedwali linaloanzia baiti ya 446, lenye nafasi nne za baiti 16. Nilimwonyesha baiti nne za nafasi ya kwanza zinazotaja sekta ya mwanzo: 00 20 00 00. Husomwa kinyumenyume, na hiyo 20 ni hesabu ya kumi na sita, yaani 32. Kwa kuwa ni baiti ya pili kati ya hizo nne, izidishe kwa 256. Unapata 8192.

Sasa fikiria barabara ya Sumbawanga. Dereva aliyeanza kuhesabu kilomita pale Matai na aliyeanza Sumbawanga mjini watataja namba tofauti wakiwa wamesimama bega kwa bega. Wa Matai akijumlisha umbali wa Sumbawanga hadi Matai, ugomvi umekwisha. Programu ya kusoma mafaili ya kadi ni dereva wa Matai: inataka kuanzia 0. Anayeijumlishia ni kpartx, amri ya Linux, niliyoielekeza kwenye faili lile, kadi.img:

sudo kpartx -r -av kadi.img

Ikajibu:

add map loop0p1 (253:0): 0 7725056 linear 7:0 8192

Yaani: tangu 0, kwa sekta 7725056, nenda kwenye kifaa 7:0, ndilo faili lile, ukijumlisha 8192. Hakuna kilichokatwa wala kunakiliwa. Ukiomba sekta iliyo nje ya urefu huo unarudishwa, kama gari lisilo na karatasi pale getini. Herufi r nimeiweka makusudi, isiandikwe kitu juu ya nakala ya pekee.

Nikaipachika /dev/mapper/loop0p1. Nyuso zikajitokeza, kila moja mbele ya shuka lile lile la bluu. Akataka kuchomoa flashi palepale, nikamshika mkono. Kwanza umount, kisha kpartx -d.