Kijana, Usukani na Wenzake

Mbele ya kompyuta, kijana anaendesha gari la mchezo. Taa inageuka njano. Kila anaposonga anaongeza pointi. Akichelewa kusimama, ukuta unachomoza, gari linaugonga na pointi zinapotea.

Hivyo ndivyo Margo Gardner na Laurence Steinberg wa Chuo Kikuu cha Temple, Marekani, walivyowapima watu 306 katika utafiti wa mwaka 2005. Baadhi walicheza peke yao, wengine wakiwa na wenzao wawili wa rika lao. Wa miaka 13 hadi 16 waliokuwa na wenzao walijihatarisha zaidi sana kuliko wa umri huo huo waliocheza peke yao. Wa miaka 24 na kuendelea? Kuwapo kwa wenzao hakukuwababaisha.

Hamu ya msisimko ilikwishapimwa kabla ya hapo. Mwaka 1964 mwanasaikolojia Marvin Zuckerman alitoa dodoso lake, na baadaye akaigawa hamu hiyo mafungu manne: kupenda michezo ya hatari, kutafuta mambo mapya, kujiachia kwenye starehe, na kuchoshwa upesi. Si yote mabaya. Anayependa safari na vyakula vya kigeni naye yumo.

Lakini dodoso halionyeshi nani amekaa kiti cha nyuma. Mwaka 2011 Steinberg na wenzake, wakiongozwa na Jason Chein, waliwalaza vijana na watu wazima ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo huku wakicheza mchezo kama ule. Marafiki walikuwa chumba kingine, wakitazama tu. Hata hivyo, kijana alipojua anatazamwa, sehemu za ubongo zinazoitikia zawadi zilichangamka zaidi. Akiwa peke yake, alijihatarisha kwa kiasi kile kile cha mtu mzima.

Ndiyo maana mabango ya kutisha hayafiki mbali: kijana anajua fika kwamba mwendo kasi unaua. New Zealand ilipita njia nyingine mwaka 1987, ikaanzisha leseni ya hatua kwa hatua. Dereva mpya alizuiwa kuendesha usiku na kubeba abiria bila msimamizi mzoefu.

Mzazi anayetoa funguo za gari au pikipiki anaweza kuanzia hapo hapo. Kabla ya kuuliza kijana atarudi saa ngapi, aulize anakwenda na nani, na miezi ya mwanzo asimruhusu kupakia wenzake, hasa mishikaki, yaani kurundikana kwenye pikipiki moja.