Gunia ni kilo ngapi? Somo la mikataba kwa wakulima na wanunuzi

KATIKA biashara ya mazao huku Nyanda za Juu Kusini kuna neno moja fupi linalozua ugomvi kila msimu. Neno hilo ni "gunia". Mkulima wa viazi wa Uporoto au Umalila, mkoani Mbeya, anapatana na mnunuzi bei ya gunia, wanapeana mikono na kuachana. Mkulima moyoni ana gunia lililojaa na kushonwa mdomo. Mnunuzi ana lumbesa, yaani gunia lililoongezewa kichwa na kufungwa kamba juu. Siku ya kupakia lori ndipo inapobainika kuwa walikubaliana bei, hawakukubaliana kitu kinachouzwa. Wenzetu wa Ilula, mkoani Iringa, wanaouza vitunguu, wanaujua vizuri ugomvi huu.

Tufanye hesabu ya mfano. Mkulima ameuza gunia 50 akikusudia kilo 100 kila moja. Mnunuzi akifunga lumbesa za kilo 130, ameondoka na kilo 1,500 za ziada. Hayo ni magunia 15 ambayo hayakulipiwa hata senti. Kwa familia nyingi hiyo ni ada ya shule, au mbolea ya msimu unaofuata.

Sasa mkataba ukisema "gunia 50" tu, neno hilo tulifasiri vipi?

Mnunuzi ana hoja yake: "Hapa ndiyo kawaida yetu." Nimeisikia hoja hii mara nyingi, na si ya kupuuzwa. Wanazuoni wa fiqhi wanayo kanuni kwamba jambo linalojulikana kwa desturi ni kama lililowekewa sharti. Kanuni hiyo imo katika Majalla, mkusanyiko wa sheria uliotolewa na dola ya Uthmaniya kati ya mwaka 1869 na 1876. Lakini desturi nayo ina mipaka yake. Ni lazima ijulikane kwa pande zote mbili, na isipingane na mafundisho ya dini.

Lumbesa inaanguka hapo. Uzito wake haujulikani. Leo ni kilo 120, kesho 140, kutegemea nguvu za mfungaji. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipana mapema kwa matunda ya mwaka mmoja au miwili ijayo. Akawaelekeza kuwa anayefanya hivyo afanye kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Habari hii wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.). Ni kweli kwamba inaruhusiwa kuuza rundo ambalo muuzaji na mnunuzi wote wanaliona. Lakini kwetu bei hupatanwa kabla gunia halijafungwa, na anayelifunga ni mtu wa mnunuzi.

Sheria ya nchi nayo iko upande huo huo. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, pamoja na kanuni zake, hairuhusu mazao kufungashwa zaidi ya kilo 100. Nayo Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema kuridhiana ni kukubaliana jambo moja kwa maana moja. Makubaliano ambayo maana yake haijulikani wala haiwezi kujulikana ni batili. Aidha, mahakama ikikutana na neno lenye utata, moja ya kanuni zake ni kulisoma dhidi ya yule aliyeliandika. Hata hivyo, mkulima asijipe moyo sana kwa hilo. Mkataba ukishaandikwa na dole gumba likawekwa, si rahisi kusikilizwa ukidai kuwa kwa mdomo mlisema vingine.

Kusoma nyuso

Wapo wanaodai kuwa mfanyabiashara hodari husoma uso, macho na mikono. Kuna ukweli, lakini pana hatari. Kwa Wahehe na Wanyakyusa, kijana kumkazia macho mtu mzima si adabu. Mnunuzi mgeni akiona mkulima ameinamisha macho, anadhani anaficha viazi vibovu, kumbe anaheshimiwa. Mkulima akijibu "haya", mgeni anahesabu kuwa amekubali, na huenda maana yake ni "nimekusikia" tu. Mkulima naye akimwona mnunuzi anatazama saa na kuelekea kwenye gari, anashtuka na kushusha bei. Asisahau kuwa lori linalosubiri nalo lina gharama.

Qur'an inakiri kuwa uso una dalili. Katika Suratul Baqara, aya ya 273, wametajwa wahitaji wasioomba, wanaotambulika kwa alama zao. Lakini Suratul Hujurat, aya ya 12, inatukataza kufuata dhana. Kwa hiyo alama ya usoni itufanye tuulize, isitufanye tuhukumu.

Na ukimya je? Majalla inasema aliyenyamaza hahesabiwi kuwa amesema, isipokuwa pale alipopaswa kusema. Mnunuzi, usiuchukue ukimya wa mjane aliyesimama pembeni ya viazi vyake kuwa ni ridhaa. Mkulima, ukiona kichwa kinaongezwa juu ya gunia, sema pale pale. Ukinyamaza hadi lori liondoke, umejifungia mlango mwenyewe.

Tufanye nini?

Kwanza, tuandike kilo, tusiandike gunia. Pili, mizani iwepo mahali ambapo wote wawili wanaisoma. Tatu, tufuate aya ya 282 ya Suratul Baqara inayoamrisha kuandika madeni ya muda na kuweka mashahidi. Nne, mkataba usomwe kwa sauti, na kila upande ueleze kwa maneno yake umeelewa nini. Tano, tusione haya kurudi nyuma tungali tumekaa. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, muuzaji na mnunuzi wana hiari ya kuvunja mauziano kabla ya kuachana.

Ndugu zangu, watu wa Nabii Shuaib (a.s.) walionywa juu ya vipimo, wakakaidi, wakaangamizwa. Suratul Mutaffifin inaanza kwa kuwaonya wanaotaka haki yao kamili na kupunja ya wenzao. Tajiri anayeswali safu ya mbele kisha akapakia lumbesa ajue kuwa kilo zile za ziada zina mwenyewe, na mwenyewe atazidai siku ambayo hakuna dalali.

Wabillahi tawfiq.