Nyumba ya Zamani Kando ya Ziwa: Tuihoji Vipi?

Kila aliyepita Kidato cha Kwanza anaikumbuka ile orodha ya vyanzo vya historia: masimulizi ya mdomo, maandishi, akiolojia, maeneo ya kihistoria, makumbusho, isimu, anthropolojia. Tuliikariri, tukaimwaga kwenye mtihani, tukapata alama zetu, basi. Ni wachache waliowahi kuambiwa na mwalimu: chukua vyanzo vitatu kati ya hivi, nenda kavitumie kwenye kitu kimoja kilicho mbele ya macho yako. Na sasa sisi tunaosomea ualimu ndio tunaokwenda kuifundisha orodha ileile. Tusipoangalia, tutaifundisha vilevile.

Napendekeza kitu cha kuanzia nacho, na hakihitaji nauli kubwa kwa mtu atakayepangiwa shule Mwanza, Bukoba, Ukerewe, Musoma, Kigoma au Kyela. Ni nyumba za zamani zilizo kando ya maziwa yetu, pamoja na maghala na mabanda ya mashua yaliyojengwa karibu nazo. Unazijua: ukuta mnene, baraza pana linalotazama maji, bati lililoshika kutu, na wakati mwingine reli mbili za chuma zinazoshuka ziwani ambako boti zilikuwa zinavutwa kutengenezwa. Ukiuliza mtaani, jibu ni moja: "Hiyo ya Mjerumani." Basi, mjadala umefungwa.

Lakini hilo ni jibu la mkato. Ni ya Mjerumani yupi? Mwaka gani? Je, si ya Mwingereza, ya mmisionari au ya mfanyabiashara Mhindi? Na nani alifyatua yale matofali? Hapo ndipo orodha ya Kidato cha Kwanza inapoanza kufanya kazi. Twende hatua kwa hatua.

Kwanza, muulize ziwa

Wengi wanaanza na nyumba. Mimi nasema anza na maji, kwa sababu ziwa halikai mahali pamoja.

Chukua Ujiji. Novemba 1871 Stanley alimkuta Livingstone pale, na leo kuna mnara wa kumbukumbu. Mgeni akifika mnarani anashangaa: mbona ziwa liko mbali hivi? Mji haukuhama, maji ndiyo yaliyorudi nyuma. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, Mto Lukuga, upande wa Kongo. Cameron alipoufikia mwaka 1874 aliukuta umezibwa na majani na tope. Maji yakaendelea kupanda mpaka mwaka 1878 yalipovunja kizuizi hicho, kisha ziwa likashuka kwa takriban mita 10 kabla karne ya 19 haijaisha. Kwa hiyo ukikuta Ujiji msingi wa zamani ulio mbali na ufuko wa leo, usikimbilie kusema haukuhusiana na mashua. Huenda zilikuwa zinafungwa mlangoni.

Ziwa Victoria lilifanya kinyume. Kati ya mwaka 1961 na 1964, baada ya mvua kubwa zilizoanza mwaka uleule wa Uhuru wetu, maji yalipanda kwa zaidi ya mita 2 na hayakurudi chini upesi. Fuko, bustani na magati ya zamani vikaingia majini. Mei 2020 ziwa likakifikia tena kiwango kile cha miaka ya 1960 na kukipita kidogo, na wakazi wa pembezoni mwa ziwa, kuanzia Mwanza hadi Kisumu, wakahama.

Sasa fikiria banda la mashua. Jengo la namna hii lina sababu moja tu ya kuwa pale lilipo, nayo ni maji. Hakuna fundi anayejenga sakafu ya banda chini ya usawa wa ziwa. Ukikuta kando ya Ziwa Victoria banda ambalo sakafu yake imelala ndani ya maji hata msimu wa kiangazi, una dokezo kwamba huenda lilijengwa kabla ya mwaka 1961. Ni dokezo tu, maana ardhi nayo hudidimia na ufuko humomonyoka. Liandike daftarini, weka alama ya kuuliza mbele yake, uendelee.

Pili, soma kuta na paa

Swali la kuiuliza nyumba ni hili: vitu hivi vilifikaje hapa?

Kabla ya reli, kilichotoka pwani kwenda maziwani kilibebwa kichwani na begani. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 30. Kwa hiyo nyumba za mwanzo zilijengwa kwa kilichokuwepo: mawe, udongo, matofali, miti na nyasi. Nguzo nzito ya chuma haiwezi kugawanywa kwa vichwa vya watu.

Kisha reli ya Uganda ikafika ziwani, mahali panapoitwa Kisumu leo, Desemba 1901. Kuanzia hapo meli za mvuke zikaweza kupeleka mizigo mizito hadi Mwanza na Bukoba. Reli ya Kati ikafika Kigoma mwaka 1914, na tawi la kutoka Tabora likafika Mwanza mwaka 1928. Ukiijua miaka hiyo mitatu, unaweza kuikadiria nyumba. Boriti ndefu ya chuma ndani ya ghala la Mwanza inakuambia kwamba, kwa uwezekano mkubwa, hiyo sehemu ni ya baada ya 1901. Nasema "hiyo sehemu" kwa makusudi: nyumba hujengwa mara moja lakini hutengenezwa mara nyingi, na bati jipya laweza kukaa juu ya ukuta wa babu.

Tafuta pia maandishi. Boriti nyingi zina chapa ya kiwanda ubavuni. Vigae vilivyokuja kwa meli kutoka Mangalore, India, vina jina la kiwanda upande wa chini. Chora au piga picha unachokiona. Usikwangue wala kubomoa kitu ili uone vizuri zaidi.

Tatu, karatasi

Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zinahifadhi majalada ya utawala wa Kijerumani na ya Waingereza. Humo mna vitabu vya wilaya, ambamo maofisa wa Kiingereza walikuwa wakiandika kumbukumbu za maeneo yao. Nenda na barua ya utambulisho ya chuo. Ofisi ya ardhi ya wilaya ina habari za viwanja na hati. Misheni nazo zina kumbukumbu: Mapadre Weupe walifika Ujiji mwaka 1879, na Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883. Kwa asiye na nauli, Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt imeweka kwenye intaneti maelfu ya picha za makoloni ya Ujerumani. Unazitazama bure, ukiwa na bando tu.

Ila kuna mtego mmoja unaowaangusha wengi, nao ni tahajia. Ukitafuta "Mwanza" kwenye karatasi za Kijerumani unaweza kutoka kapa, kwa sababu wao waliandika "Muansa". Ujiji ni "Udjidji". Kisumu ya mwanzo iliitwa Port Florence. Kabla ya kusema "hakuna kumbukumbu", jiulize kama umetafuta kwa jina la wakati ule.

Jambo la pili kuhusu karatasi ni kwamba zinamtaja mwenye nyumba, mara chache sana aliyeijenga. Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba mwaka 1898, na wasiokuwa na fedha waliilipa kwa nguvu zao. Barabara, boma na gati vilikula jasho hilo. Jalada litakuambia ofisa fulani "alijenga" nyumba. Hakugusa hata jiwe. Ukiishia kwenye karatasi, utakuwa umeandika historia ya watu wawili watatu, na mamia waliobeba mawe watakuwa wamepotea.

Nne, wazee

Hapa ndipo pa kuwatafuta hao mamia. Lakini mzee hahojiwi kama mtuhumiwa. Nenda kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji ujitambulishe. Mpe mzee shikamoo yake, kaa chini, ongeeni habari za samaki na mvua. Simu ya kurekodi isitoke mfukoni kabla hujaomba ruhusa.

Usimuulize, "Mzee, hili banda lilijengwa mwaka gani?" Atakupa mwaka ili kukuridhisha. Muulize kwa matukio anayoyajua mwenyewe. Je, lilikuwepo kabla maji hayajapanda mwaka ule wa Uhuru? Lilikuwepo ilipoanza meli ya MV Victoria, mwaka 1961, hii inayoitwa sasa New Victoria Hapa Kazi Tu? Baba yako alikuwa akivukia nini, mtumbwi au boti ya tanga? Nani alikuwa mlinzi pale? Watu waliuitaje mwalo huu kabla ya jina la sasa? Tukio la kuzama kwa MV Bukoba, Mei 21, 1996, nalo ni alama ya wakati, lakini usilitaje ovyo. Huenda unayeongea naye alizika mtu.

Kisha kuna uvumi. Karibu kila nyumba ya namna hii utaambiwa ina handaki na chini yake kuna mali ya Mjerumani. Usicheke, na usiamini. Andika kwamba ndivyo inavyosimuliwa, kwa sababu uvumi huo una madhara ya kweli: watu huchimba usiku kutafuta dhahabu, msingi unalegea, na mvua ikija ukuta unalala.

Tano, wakutanishe mashahidi

Ziwa, jengo, karatasi na wazee: hakuna hata mmoja anayetosha peke yake. Mfano mzuri ni ule wa meli ya MV Liemba ya Kigoma. Mtu akitafuta "Liemba" katika karatasi za kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, hapati meli. Akidhani basi imetengenezwa na Waingereza, amepotea, maana chuma chenyewe kinakataa. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikasafirishwa vipande vipande ndani ya makasha, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isichukuliwe na adui, baada ya kuzipaka injini grisi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya la Liemba.

Kitu kimoja, majina mawili, tawala mbili. Nyumba nyingi za ufukweni zimepita njia hiyohiyo: leo boma, kesho nyumba ya mkuu wa wilaya, baadaye ghala la ushirika, sasa ofisi ya kata. Mashahidi wakipingana, usimfukuze yeyote. Andika kila mmoja amesema nini, kisha andika wewe unaona nani ana uzito zaidi na kwa nini. Hiyo "kwa nini" ndiyo somo la historia.

Kwa nini sasa?

Kwa sababu sheria zetu hazizilindi nyumba hizi kama watu wanavyofikiri. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayachukulia kuwa kumbukumbu za kale majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Nyumba za matofali za enzi ya Mjerumani, za kuanzia miaka ya 1890, ziko nje ya mstari huo mpaka zitangazwe kwa namna ya pekee. Wakati huohuo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Ni sheria nzuri, inalinda ziwa tunalokunywa na kuvua. Lakini maji yakipanda, jengo lililokuwa mbali linajikuta ndani ya zile mita 60. Ikifika siku ya kuvunja, hakuna wa kuuliza lilikuwa nini.

Hatuwezi kuyaokoa yote, na mengine hayastahili kuokolewa. Tunachoweza ni kuyaandika kabla hayajaondoka, na kabla wazee wanaoyajua hawajaondoka.

Kwa hiyo, wewe unayesubiri kupangiwa shule ya mazoezi ya kufundisha karibu na ziwa, jaribu hivi. Chagua jengo moja, ukamuombe ruhusa mwenye nalo. Gawa darasa makundi manne: ziwa, jengo, karatasi, wazee. La ziwa lipime kwa kamba umbali wa jengo hadi majini na kuandika tarehe. La jengo lichore. La karatasi liende ofisi ya kata na parokiani. La wazee liulize maswali matano, yasizidi. Wiki inayofuata makundi yasomeane matokeo na kubishana. Mwishoni tengenezeni nakala tatu: moja ibaki shuleni, moja iende ofisi ya kijiji, na moja umkabidhi mzee aliyewasimulia, jina lake likiwa limeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza.