Kabla ya Kupigia Mstari: Kuchagua Programu ya Kusomea na Kupekua Nyaraka za Utafiti

Tuseme mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi anaandika tasnifu kuhusu mifongo, ile mifereji ya asili inayoteremsha maji hadi kwenye vihamba vya Marangu na Machame. Nyaraka zake ni za kila namna: makala za PDF, taarifa za vyama vya ushirika, na kurasa za zamani zilizopigwa taipu ambazo amezipiga picha kwa simu. Kwa miezi kadhaa atapigia mistari na kuandika maoni pembeni. Makala iliyopotea hupatikana tena, lakini maoni ya pembeni hayana nakala popote isipokuwa pale alipoyaandika. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei ya programu, mtumiaji anashauriwa kuuliza alama zake zitahifadhiwa wapi.

Muundo wa PDF ulikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2008, nao unaeleza namna alama zinavyoweza kuandikwa ndani ya faili lenyewe. Programu inayofuata utaratibu huo huziacha alama zisafiri pamoja na faili. Zipo nyingine zinazoweka alama katika hifadhidata yake yenyewe, nje ya faili. Zotero, inayopatikana bila malipo, hufanya hivyo. Huo si udanganyifu, kwani ndio unaorahisisha kupanga na kukusanya dondoo. Hata hivyo, ukinakili faili hilo moja kwa moja kwenye flashi na kulipeleka steshenari likachapwe, litatoka bila alama hata moja. Ni lazima kwanza utoe nakala yenye alama kwa kutumia amri ya programu yenyewe. Ni vibaya kuligundua hilo siku ambayo msimamizi wako anasubiri.

Programu nazo hustaafu. Mwezi Septemba 2022 Mendeley Desktop, iliyotumiwa na watafiti wengi, iliacha kutolewa kwa watumiaji wapya, na nafasi yake ikachukuliwa na programu nyingine ya kampuni ileile. Usichague programu isiyo na mlango wa kutokea.

Upande wa kutafuta maneno una matatizo yake, na hapa Kiswahili kinahitaji uangalifu wa pekee. Kwanza, picha ya ukurasa si maandishi. Programu haitaona neno lolote ndani yake mpaka ipitishwe kwenye programu ya kutambua herufi. Tesseract, ambayo haina malipo, ina data ya lugha ya Kiswahili. Programu isiyo nayo itasoma maneno yetu kana kwamba ni Kiingereza kilichokosewa. Pili, maneno yetu hubadilika mwanzoni. Ukitafuta “mfereji” hutapata “mifereji”. Tafuta “fereji”, upate yote mawili, ilimradi programu inakubali sehemu ya neno. Zipo zinazotambua neno zima tu. Mzizi ukiwa mfupi mno nao huleta takataka: anayetafuta “lim” ili apate “kulima” na “walilima” ataletewa kila “mwalimu” na kila “Kilimanjaro”, na katika tasnifu ya Moshi hizo si chache.

Nafasi ya bure ya mtandaoni pia ina mpaka. Zotero hutoa MB 300 kwa mafaili. Picha moja ya ukurasa ikiwa na MB 3, nafasi hiyo itajaa kwa kurasa 100, na kila ukurasa unaopandishwa hula bando lako. Hakuna ulazima wa kupandisha mafaili yote. Unaweza kuyaacha kwenye kompyuta na kuweka nakala ya akiba kwenye diski ya nje.

Anayefanya utafiti wa afya, kwa mfano katika Hospitali ya KCMC, asipandishe mahojiano ya wagonjwa kwenye hifadhi ya mtandaoni kwa sababu tu kitufe kipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na inaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Uliza kwanza kamati ya maadili ya chuo chako.

Jaribu programu kwa faili moja kabla ya kuingiza mia. Pigia mstari sentensi mbili na uandike maoni moja. Toa nakala, uitume kwenye simu ya mwenzako anayetumia programu tofauti, kisha mwombe akusomee maoni hayo. Halafu tafuta neno moja la Kiswahili kwa umoja na kwa wingi. Jaribio zima halizidi dakika kumi.

Ikiwa programu ni ya kulipia, soma kama malipo hujirudia yenyewe kila mwezi, na namna ya kuyasitisha. Hifadhi risiti. Na kabla usajili haujakoma, toa alama zako zote, maana baadhi ya programu hufunga kipengele hicho kwa asiyelipa.