Mafuta ya Kukinga Jua



Jua lile lile linalokausha karafuu zetu majamvini ndilo linalochoma ngozi ya mtu. Wengi huuliza kama haya mafuta ya kukinga jua yauzwayo madukani yafaa kitu.

Yafaa, lakini namba iliyoandikwa chupani yataka kueleweka. Katika kila sehemu 30 za miali iunguzayo, mafuta ya namba 30 huachia moja tu kupita. Kwa hesabu hiyo namba 15 huzuia kama 93 katika 100, na namba 30 kama 97. Basi namba mara mbili si kinga mara mbili. Dawa iliyomo, kama vile unga mweupe wa zinki, huinasa miali kabla haijaingia ndani ya ngozi.

Tena namba hiyo hupimwa kwa kupaka mafuta mengi, na watu wengi hupaka nusu yake au pungufu. Uso na shingo vyataka mafuta ya urefu wa vidole viwili, na kupaka upya kila baada ya saa mbili, maana jasho na maji ya bahari huyaondoa. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa ngozi, ila kazi hii hayaiwezi.

Tutazame Bagamoyo, ng'ambo yetu. Huko Mlingotini watu hulima mwani. Siku za bamvua maji hutoka asubuhi, nao huwamo kazini mpaka jua la utosi, na maji na mchanga huirudisha miali usoni kutoka chini. Mtu mweusi ana kinga ya kuzaliwa. Mwenye ualbino hana, na Tanzania yakadiriwa kuwa naye mmoja katika kila watu 1,400 hivi. Kwake habari si kuungua tu, bali saratani ya ngozi, ambayo huua wengi wakingali vijana. Ndiyo sababu ya kutengenezwa mafuta ya Kilisun kwa ajili yao katika hospitali ya KCMC, Moshi.

Hata hivyo mafuta huja nyuma ya kivuli, nguo ya mikono mirefu na kofia pana ya ukili. (Kofia yetu ya viua, kwa uzuri wake wote, haifuniki masikio.) Mwenye mtoto wa ualbino asimpe kazi ya kuanika karafuu kati ya saa tatu na saa kumi, achambue barazani. Na kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja kipelekwe hospitali, kisingojee vuno liishe.