Kijiti, Komunyo na Dhamiri Yako

Wadogo zangu wa Migori na Homa Bay, leo dada yenu anagusa jambo ambalo mkinieleza mnalieleza kwa sauti ya chini, mkitazama kwanza kama katekista yuko karibu. Maswali ni mengi, lakini yakichujwa linabaki moja. Mtu afanye nini akiwa Mkatoliki wa kuzaliwa, anaipenda Misa yake, anatoa zaka, anapika kwenye sherehe za parokia, lakini kuna fundisho moja ambalo maisha yake hayawezi kulibeba?

Nimechagua maswali matatu. Majina na vijiji nimeviacha, maana huku kwetu ukitaja kilima tu, watu washajua ni nyumba ya nani.

"Nina kijiti mkononi. Nipange foleni ya Komunyo?"

Mama huyu ana watoto watano. Alipojifungua wa mwisho alitokwa na damu nyingi mpaka akaongezewa. Akawekewa kijiti cha kuzuia mimba katika hospitali ya serikali, maana hospitali za Kanisa kwa kawaida hazitoi kijiti wala sindano. Kisha padre akahubiri juu ya kupanga uzazi, na tangu siku hiyo wenzake wakienda kupokea, yeye anabaki kwenye benchi. Anauliza: nikitoe, au nihame Kanisa?

Mdogo wangu, usifanye hata moja kwa hofu. Kwanza jua vizuri unachokikataa. Mwaka 1968 Papa Paulo VI alitoa waraka wa Humanae Vitae, akasema kila tendo la ndoa libaki wazi kwa uhai. Kwa hiyo vidonge, sindano, kijiti, koili na kufunga uzazi kwa nia ya kuzuia mimba ni kosa, tena zito. Hilo ndilo fundisho, na halijabadilika. Atakayekwambia Kanisa limelegeza anakudanganya.

Lakini waraka huohuo una mambo ambayo mahubiri mengi huyaruka. Haukuagiza mtu azae mpaka nguvu ziishe. Unasema wenye sababu nzito wanaweza kuahirisha mimba, au kutozaa tena, kwa kufuata siku ambazo mwanamke hashiki mimba. Unaruhusu pia dawa ya kutibu ugonjwa hata kama itazuia mimba. Msichana aliyeandikiwa vidonge kwa sababu hedhi yake inamwaga damu kupita kiasi hana kosa lolote la kuungama. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulisema uamuzi wa idadi ya watoto ni wa mume na mke wenyewe mbele ya Mungu. Mama mkwe hakutajwa, jumuiya haikutajwa.

Jua pia kwamba swali lako ni la zamani. Kabla ya waraka ule kulikuwa na tume, iliyoanzishwa na Papa Yohane XXIII mwaka 1963, na wengi wa wajumbe wake walishauri njia za kisasa ziruhusiwe. Paulo VI hakuwafuata. Miezi michache baada ya waraka kutoka, maaskofu wa Kanada waliwaambia waumini wao kwamba aliyejaribu kwa dhati akashindwa, akafuata kile alichoona kwa unyofu kuwa sawa, asijione ametupwa nje ya kundi. Wapo waliowapinga maaskofu hao vikali, na wanawapinga hadi leo. Kwa hiyo usijione wewe ndiye Mkatoliki wa kwanza kukwama hapa.

Sasa tuje kwenye dhamiri, maana neno hili watu wanalitumia kama kibali cha kufanya wanalotaka. Katekisimu inafundisha mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, hukumu ya dhamiri iliyo na hakika lazima ifuatwe. La pili, dhamiri inaweza kukosea, hivyo una wajibu wa kuilea kwa sala, kwa kujifunza na kwa ushauri. Ukichukua la kwanza peke yake unakuwa mkaidi. Ukichukua la pili peke yake unakuwa mtumwa wa kila anayepaza sauti.

Ningependa pia ujue Paulo VI aliogopa nini. Alionya kwamba mwanaume akizoea njia hizi anaweza kuacha kumheshimu mkewe, akamfanya chombo cha starehe. Msimcheke. Mnawajua waume wanaosema, "Una kijiti, sasa kisingizio chako ni kipi?" Onyo lile lina ukweli hata kwa anayetumia kijiti kwa amani.

Ila na sisi tuna la kumjibu. Njia za asili zinahitaji watu wawili. Zinataka mume anayehesabu siku na mkewe, na anayekubali kuambiwa "leo hapana". Mume anayerudi kutoka ziwani baada ya majuma mawili, au kutoka baa usiku wa manane, haulizi kalenda. Katika nyumba kama hiyo sheria iliyoandikwa kwa watu wawili inabebwa na mmoja, naye ni wewe. Hilo mwambie padre waziwazi, maana huenda hajawahi kulisikia kutoka kwa mwanamke.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Tafuta padre anayesikiliza, hata kama ni wa parokia jirani. Mweleze yote: damu iliyokutoka, aliyosema daktari, mume ulionaye. Siri ya kitubio hakuna mtu anayeweza kuifungua. Hatabadilisha sheria, lakini anapaswa kujua tofauti kati ya kosa lenyewe na hatia ya mtu, kwa sababu Katekisimu inakiri kwamba hofu, shinikizo na mazoea hupunguza hatia. Kaa na mumeo pia, naye aseme lake. Baada ya hapo, dhamiri ikitulia, panga foleni. Isipotulia, subiri, lakini subiri kwa sababu yako mwenyewe. Macho ya mwenyekiti wa jumuiya si sababu.

"Mume ana virusi, mimi sina. Nimeambiwa kondomu ni dhambi hata kwetu."

Hapa nitazungumza kwa ukali kidogo, maana hapa watu wanakufa. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulikuta kwamba kati ya watu wazima 100 wa Homa Bay, karibu 20 wanaishi na virusi vya UKIMWI. Migori ni 13. Kenya nzima haikufika 5. Swali lako basi ni la nyumba nyingi kuanzia Mbita hadi Muhuru Bay.

Wakubwa wetu wa imani walikuwa wakali juu ya kondomu. Mwaka 1996 Kadinali Maurice Otunga alishiriki kuzichoma hadharani Nairobi. Lakini hata miongoni mwa maaskofu sauti hazikuwa moja. Mwaka 2001 maaskofu wa kusini mwa Afrika walitoa ujumbe uliokataa kampeni za kondomu, kisha wakaongeza jambo zito kuhusu ndoa ambamo mmoja ana virusi. Walisema kila mtu ana haki ya kulinda uhai wake dhidi ya hatari ya kifo, kwa njia zinazofaa. Mwaka 2010 Papa Benedikto XVI, akitoa mfano wa anayeuza mwili, alisema kutumia kondomu kwa nia ya kutoambukiza kunaweza kuwa hatua ya kwanza ya kujali uhai wa mwingine. Vatikani ikafafanua haraka kwamba fundisho halijabadilika. Sawa. Lakini aliyekwambia jambo hili halina mjadala kabisa hajui Kanisa lake.

Kisha kuna habari njema ambayo huyo aliyekwambia hakukupa. Mumeo akimeza dawa zake bila kuruka, na vipimo vikaonyesha kwa uthabiti kwamba virusi havionekani kwenye damu, hakuambukizi kwa tendo la ndoa. Wewe nawe unaweza kupewa vidonge vya kinga, vile vya PrEP, ambavyo havizuii mimba, kwa hiyo mabishano ya 1968 hayavihusu. Dawa za ARV zenyewe Kanisa linazitoa kwa mikono yake: nenda Hospitali ya Mtakatifu Kamili kule Karungu uone. Wiki hii ulizia kiwango cha virusi cha mume. Mpaka upate jibu hilo, jilinde. Amri ya tano nayo ni fundisho la Kanisa.

"Mimi ni mke wa pili. Nimekuwa mtu wa nyuma kanisani miaka yote."

Mdogo wangu, swali lako ndilo gumu kuliko yote, na sitakuahidi nisichoweza. Kanisa linatambua mume mmoja na mke mmoja. Mwanaume mwenye wake wengi akitaka ubatizo, sheria inamtaka abaki na mmoja, na inamdai awatunze kwa haki wale wengine. Kwenye karatasi inasomeka vizuri. Nyumbani maana yake ni mama wa watoto wanne kuambiwa ndoa iliyolipiwa ng'ombe mbele ya ukoo mzima haihesabiki.

Kuna wanaojinyima bure, nao niwasemee. Kama ulifunga ndoa kanisani na mume akaongeza mwingine, wewe hukutenda kosa. Usiache Komunyo kwa dhambi ya mtu mwingine. Na kama mko wawili tu, ng'ombe wametoka, bado kanisani, mnachosubiri ni nini? Ndoa inahitaji padre, mashahidi wawili na ridhaa yenu. Keki na hema ni mambo ya majirani. Kama mume ni Msabato, mwombe padre awaombee ruhusa ya askofu.

Wewe wa pili, usiondoke. Sali, imba kwaya, lea watoto katika imani, na mlango wa mazungumzo usiufunge. Nitakwambia sababu.

Kutokubali kuna namna yake

Eneo letu linajua vizuri kugombana na Kanisa. Namna ya kwanza ni kutoka. Mwaka 1963 Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko waliwaongoza maelfu kutoka, wakaanzisha Legio Maria, ambayo iliwapokea na wenye wake wengi. Ondeto amezikwa Got Kwer, hapahapa Migori. Aoko alikuwa mwanamke kijana aliyehubiri na kubatiza watu, jambo ambalo Roma isingemruhusu. Lakini baadaye naye alitengana na Ondeto. Kutoka Kanisa moja hakumpi mwanamke sauti moja kwa moja katika lingine.

Namna ya pili ni ya mwaka 2010. Maaskofu walihimiza tupige kura ya Hapana kwa Katiba mpya, hasa kwa ajili ya kifungu cha utoaji mimba. Nyanza ikapiga Ndiyo kwa wingi mno, na Jumapili watu wakarudi Misani kama kawaida. Hakuna aliyeeleza kwa nini, na hakuna aliyeuliza. Ndivyo tunavyofanya pia na sindano na kijiti: padre anasema mimbarini, sisi tunajibu kliniki, na kila upande unajifanya haujui.

Kimya hicho ndicho kinachowaumiza. Anayelipa ni yule mama kwenye benchi, aliyejihukumu peke yake bila hakimu wala shahidi. Mficha uchi hazai, walisema wahenga.

Ipo namna ya tatu, nayo ni kubaki na kusema. Katika Sinodi ya 2021 hadi 2024 waumini wa kawaida waliulizwa maoni yao, na mwaka 2023 kikao cha Roma kikawahimiza maaskofu wa Afrika waitafakari upya hali ya familia za wake wengi. Novemba 2025 Vatikani ikatoa waraka wa kuitetea ndoa ya mume mmoja na mke mmoja. Kwa hiyo kusema si kushinda. Lakini sasa mke wa pili yumo kwenye mazungumzo ya Kanisa zima kama mtu wa kusindikizwa, na hakufika hapo kwa kunyamaza.

Basi fanyeni hivi. Jimbo la Homa Bay, tangu likatwe kutoka Kisii mwaka 1993, linashika kaunti zetu zote mbili, kwa hiyo swali la Mfangano na swali la Kuria yanafika meza moja ya askofu. Kikao kijacho cha CWA, chama cha akina mama Wakatoliki, ombeni nusu saa. Mwiteni muuguzi na padre siku moja, chumba kimoja, kila mmoja ajibu mbele ya mwenzake. Maswali yaandikwe kwenye vikaratasi bila majina, yasomwe na katibu, na yale yasiyopata jibu yapelekwe kwenye halmashauri ya parokia kwa maandishi.

Mkiogopa pa kuanzia, anzeni na mke wa kwanza anayekosa Komunyo kwa kosa la mumewe. Kwa huyo sheria ya Kanisa iko upande wenu, na mkilishinda hilo, la pili mtaliuliza mkiwa mmesimama.